Kiingereza cha Nyuma ya Ukuta

Juzi nilinunua mkaa sokoni Mbalizi, na mama muuzaji akanitupia juu yake kifungu cha vibanzi vya msindano, ule msonobari wa mbao, bure. "Vya kuwashia, dada yangu, mkaa wenyewe umelowa huu." Nilitaka kumrudishia, nikaona aibu, maana angeuliza kwa nini, na jibu langu si fupi. Nikavibeba. Jioni nikavichomeka chini ya mkaa, nikawasha kiberiti, na utomvu ulipoanza kulia na ule moshi mzito uliponipanda puani, nilikaa chini pale pale mlangoni mwa jiko. Mume wangu alikuja mbio akidhani nimeungua.

Sipendi harufu hiyo na sitaki kujifanya naipenda. Najua watu wa nyanda hizi huisifu, wakiwa Dar es Salaam huikumbuka wakalia. Mimi kwangu ni harufu ya asubuhi za Uyole tulipokuwa watoto, baba akisubiri maji yake ya kuoga yachemke, mama akipepea jiko, na wote wawili wakizungumza Kiingereza.

Nyumba yetu ya Uyole ilikuwa nzuri kwa nje. Ndani haikuwa na dari. Baba alisema dari inakuja, na kila mwaka ilikuwa inakuja. Kuta za vyumba ziliishia usawa wa mlango na zaidi kidogo, juu yake ukawa uwazi mtupu hadi kwenye mabati, kwa hiyo mtu akikohoa jikoni, aliye chumbani alimwambia pole. Chumba chetu, mimi na dada yangu Atupele, kilipakana na jiko. Tulilala kitanda kimoja, na hakuna neno lililosemwa jikoni ambalo halikupita juu ya ukuta likatuangukia.

Wazazi walilijua hilo, na ndiyo maana walikuwa na Kiingereza. Majirani zetu hawakuhitaji. Wasafwa wa nyumba ya pili walipanga mambo yao kwa Kisafwa, na watoto wao waliozaliwa mjini hawakuambulia kitu. Baba yetu alikuwa Mnyakyusa wa Tukuyu, mwalimu wa jiografia sekondari. Mama alikuwa Mhehe wa Kilolo, kule Iringa, mwalimu wa shule ya msingi. Kinyakyusa cha mama kilikuwa cha salamu, na Kihehe cha baba kilikuwa cha kuombea maji ya kunywa ukweni. Hawakuwa na lugha ya nyumbani ya kujifichia. Basi jambo lisilotakiwa kufika kwa watoto likafungwa kwenye Kiingereza: nguo za Krismasi, shangazi aliyeachika, mbuzi aliyekuwa anachinjwa kesho na sisi tumeshampa jina.

Baba alikipenda Kiingereza chake. Aliyemfundisha, sijui nani, alimwachia ugonjwa wa yale maneno wanayoyaita "phrasal verbs", kitenzi kidogo na kikia chake, na baba hakuweza kusema jambo bila kulitia mkia. Mama Kiingereza chake kilivuja. Alianza vizuri, katikati akachoka, akamalizia kwa Kiswahili: "But si ulisema we shall buy, jamani." Kwa hiyo sehemu ya mama tuliipata bure. Iliyobaki imefungwa ilikuwa ile ya baba, na kufuli lake lilikuwa hivyo vikia.

Atu aliugua taratibu. Kwanza alianza kusimama njiani akitoka shule, kwenye kile kilima cha kuja kwetu, akijidai anafunga kamba ya kiatu. Halafu miguu ikavimba. Mama alibonyeza kwa kidole na shimo likabaki. Wakampeleka hospitali, wakarudi, wakampeleka kubwa zaidi, wakarudi. Sisi tuliambiwa ni damu pungufu, ale mboga za majani na matunda damu. Akala matunda damu mpaka midomo ikabadilika rangi. Na tangu hapo Kiingereza kikawa cha kila asubuhi, moshi wa msindano ukipita juu ya ukuta pamoja nacho.

Hapa lazima nieleze jambo moja. Mimi nilikuwa inglishi midiamu, darasa la nne. Atu alikuwa la saba, shule ya serikali, kwa sababu wakati wake shule hizo zilikuwa bado mbali na kwetu. Wazazi walinisomesha Kiingereza wakaninunulia na sare ya sweta la bluu, lakini hawakuamini hata siku moja kwamba nimekipata. Walisema mbele yangu kana kwamba mimi ni kiti.

Atu ndiye aliyeamini. Asubuhi moja aliniamsha kwa kiwiko. "Sikiliza. Wananisema."

"Wanasemaje?"

"Sa mimi nitajuaje? Wewe si ndo unasoma?"

Nikasikiliza. Nilishika "her heart", moyo wake. Lililofuata lilinishinda. Tukagawana kazi: yeye ashike neno la mbele, mimi nishike mkia, tusichanganye. Tukalala tukiyarudia kimya kimya midomoni hadi kulipokucha vizuri. Mchana tukafungua kamusi ya baba, na kamusi ikatuaibisha, maana ilitupa neno la mbele ikatupa na mkia, kila kimoja na maana yake, na ukivishona pamoja hupati kitu. "Wear" ni kuvaa. "Out" ni nje. Moyo wake unavaa nje. Atu aliangalia kifua chake ndani ya gauni akasema, "Mbona hata hauonekani."

Ikabidi nilipeleke shuleni. Mwalimu wetu wa Kiingereza, tuliyemwita Madam tu, alitoka Uganda, na alikuwa na desturi yake: kila Jumatatu mtoto alete neno moja la mkia alilolisikia nje ya shule, na yeye alicheze mbele ya darasa mpaka tulielewe, kisha aliandike kwenye karatasi alibandike ukutani. Wenzangu waliyaleta kutoka kwenye fulana za mitumba, kwenye televisheni, kwa mhubiri wa kizungu aliyepita Mwanjelwa. Mimi nikaleta "wear out". Madam alifurahi. Alimvua kiatu mvulana wa dawati la mbele, akatia kidole kwenye tundu la soli, akakichezesha kwa upande wa pili tukacheka. Kitu kilichotumika, kikatumika, mpaka kikachakaa.

Nilikimbia nyumbani na jibu langu. "Moyo wako umechakaa. Kama kiatu."

Atu alifikiri. "Kiatu si kinashonwa?"

"Kinashonwa."

"Haya. Watashona." Na kweli, siku chache mbele mama akavuja neno "operation", ambalo halihitaji mkalimani, na tukaona tumeshajua kabla ya kuambiwa.

Ndivyo tulivyofanya kazi majira yote yale ya baridi. Yeye neno la mbele, mimi mkia, Jumatatu Madam, Jumatatu jioni Atu. Madam alicheza "put off" kwa kusogeza saa ya ukutani mbele na kufuta mtihani wa spelingi, darasa likapiga makofi. Nikampelekea Atu kwamba wamesogeza siku ya kushona. Alicheza "hold on" kwa kuning'inia kwenye fremu ya mlango. Alicheza "run out" kwa kopo la sukari lisilo na kitu. Nilikuwa mtoto anayeongoza kwa maneno ya mkia, na sitasema sikuona fahari. Ukuta wa darasa ulijaa maneno niliyoyaleta mimi, na wenzangu waliyaimba kila asubuhi kabla ya hesabu, ugonjwa wa dada yangu ukiimbwa na watoto wasioujua.

Huko nyumbani, mimi nilikuwa nimeshaanza kuliona jambo kwa njia yangu. Kwa Kiswahili, Atu hakuwa mgonjwa sana. Kwa Kiswahili aliambiwa kunywa uji mwanangu, utapona, vipi umesoma, mtihani wa la saba huo unakuja, ukimaliza tu tunakwenda wote Kilolo kwa bibi. Ugonjwa ulikuwa kwenye Kiingereza. Kule ndiko moyo ulikochakaa, kule ndiko vitu vilikosogezwa mbele na kuisha kama sukari. Kanisani mchungaji wetu alituonya sana tusijitamkie mabaya, maana yanayotamkwa huja. Nikaunganisha. Wazazi walikuwa wanamtamkia. Wakiacha Kiingereza, atapona.

Nikaanza kuwavuruga. Baba akifungua kinywa, mimi nakohoa. Nikadondosha kikombe cha bati. Nikaita, "Mama, naumwa tumbo," kwa sauti ya kufa mtu. Mama alikuja kunipapasa na mikono yenye masizi, na kwa muda huo hakukusemwa Kiingereza, nikaona nimemwongezea dada yangu siku.

Atu akanifinya. "We vipi? Niache nisikie."

"Wanakuumiza."

"Nani ananiumiza?"

"Wao. Wakisema Kiswahili we huumwi."

Hakucheka. Alitoa mguu nje ya blanketi, akabonyeza kwa kidole gumba, tukalitazama lile shimo likibaki. "Sa huu unavimba kwa lugha gani?" Sikukubali. Niliendelea kuamini nilichoamini, kimoyomoyo.

Kisha likaja la "ruled it out". Baba alilisema akiwa amesimama, nilijua kwa jinsi sauti ilivyotoka karibu na mabati. Mama hakuvuja kitu asubuhi hiyo. Tukasikia upepeo umesimama, halafu baba akasema tena kwamba ni lazima "not let on". Atu akashika maneno yake ya mbele, mimi nikashika mikia yangu, na hatukurudia midomoni kama kawaida.

Jumatatu nikayatoa yote mawili. Madam hakucheza. Alinitazama, akautazama ukuta wake, akaanza kuusoma kuanzia karatasi za juu kushuka chini, zile zangu. Akawaambia wenzangu wafungue vitabu vya kuchora. Akanichukua hadi nyuma ya darasa, penye matangi ya maji.

"Hii maneno unatoa wapi?"

"Kwa baba."

"Baba anasema kwa nani?"

"Kwa mama."

"Sasa wanasema juu ya nani?"

Madam alichuchumaa uso wake ukawa sawa na wangu, sketi yake ikagusa matope na hakujali. "Huyo mtu," akasema, "anataka kujua?"

"Ananituma yeye."

Alinitazama. Nilidhani atanipiga, kwa sababu mtu mzima akikutazama hivyo kwa kawaida anatafuta pa kukupiga. Halafu akaniambia, kwa Kiswahili chake cha kuungaunga, akichagua neno moja moja, kwamba la kwanza maana yake madaktari wameliondoa kabisa, hawatashona tena, haiwezekani. Na la pili maana yake ni kufunga uso ili mwingine asijue unachojua. "Usiongeze, usipunguze," akasema. "Mpelekee hivyo tu." Yale mawili hayakubandikwa. Na wiki hiyo hiyo alitoa karatasi zote ukutani, akasema anapaka rangi. Rangi haikupakwa.

Nilimpelekea Atu hivyo tu. Alikuwa ameketi mlangoni akichambua maharage, kazi pekee aliyoachiwa. Aliendelea kuchambua mpaka ungo ukaisha. Akaniuliza, "Mtihani ni lini?" Nikamwambia si mbali. Akasema, "Mimi siufikii. Na wao wananiambia Kilolo baada ya mtihani."

Hapo ndipo nilipomwelewa, mimi niliyekuwa mdogo. Hakuwa anadai kupona tena. Alidai Kilolo. Bibi mzaa mama alimlea alipokuwa mchanga, mama alipokuwa chuo cha ualimu, na Atu alisema anakumbuka sauti ya mianzi nyuma ya nyumba ile, jinsi inavyokwaruzana kukiwa na upepo. Sisi tulimbishia kwamba mtoto wa umri ule hakumbuki kitu. Alitaka kuisikia. Na wazazi, kwa mapenzi yao yote, walikuwa wanamwekea Kilolo kama zawadi ya kumaliza kitu ambacho hatakimaliza.

Tulitengeneza wenyewe sentensi yake ya kuidai, kitandani. Yeye alitaka iwe ya Kiingereza. "Nikisema Kiswahili watanibembeleza," alisema. "Nikisema chao watajua najua." Nilimfundisha siku kadhaa, nikimsahihisha kama Madam, yeye akihema kati ya neno na neno.

Ilikuwa Jumamosi, tunakunywa chai na viazi mviringo vya kuchemsha. Baba alikuwa anamenya kiazi chake. Atu akaweka kikombe chini, akasema: "Father, I know they have ruled it out. Don't put off Kilolo. Take me to Bibi."

Baba hakuinua kichwa. Aliendelea kumenya mpaka kiazi chenyewe kikabaki kidogo mkononi. Mama alinitazama mimi, si Atu, akatazama juu ya ukuta, pale kwenye uwazi, akafunika mdomo kwa khanga. Ndipo baba akasema, kwa Kiswahili, na sauti yake ilikuwa ndogo kuliko nilivyowahi kuisikia: "Tutakwenda, mama. Keshokutwa." Alimwita mama, kwa kuwa Atu alirithi jina la bibi mzaa baba.

Tangu chai ile Kiingereza kilihama nyumbani kwetu. Asubuhi iliyofuata baba na mama walizungumza Kiswahili jikoni, kwa sauti ya kawaida, habari za basi na za nani atabaki, na Atu akajibu kutoka kitandani juu ya ukuta, akisema atachukua sweta lipi. Mimi nilifunika uso kwa blanketi nikacheka kwa furaha. Nilidhani tumeshinda.

Safarini nilikuwa wa kwanza kuona kila dalili ya kupona. Chimala basi liliposimama, Atu aliomba muwa, akautafuna kidogo, nikaona huyo anakula. Makambako alilala, nikaona anapata usingizi. Kufika Kilolo bibi alitoka akiwa na udongo wa shambani mikononi, akatusalimu kwa Kihehe, "Kamwene," akamshika Atu mashavu yote mawili, akamtazama macho, kucha, miguu. Kiswahili cha bibi kilikuwa kidogo na hakikuwa na pa kujificha. Alimwuliza mbele yetu sote: "Unaumwa nini, na wanasemaje?"

Baba akakohoa. Atu akamjibu mwenyewe. Alimwambia yote, moyo umechakaa, ulikuwa ushonwe, haushonwi tena. Bibi alisikiliza hadi mwisho bila kumkatiza, na hakumwambia utapona. Alisema, "Basi tutakaa," akamtandikia kitanda dirishani, upande wa mianzi.

Mama alibaki naye. Mimi na baba tulirudi Mbeya kwa sababu ya shule, tukaishi wawili, tukipika vibaya. Baba hakusema Kiingereza hata kimoja. Hata redio ya habari za kizungu aliizima. Kila siku ya namna hiyo mimi niliihesabu kuwa upande wetu. Mama alipiga simu jioni, nikapewa niongee na Atu, akaniambia mianzi inakwaruzana kweli, siku hiyo hiyo aliyofika ilikwaruzana, nami ni mbishi. Akaniambia na bibi anamdekeza, ana njegere mbichi chini ya mto. Nikacheka, yeye akapumzika kwanza ndipo akacheka.

Siku baba aliponifuata shuleni katikati ya kipindi, nilimwona Madam akiinuka kabla hajaitwa. Baba alinitoa hadi kwenye maua ya getini. Akasema, "Atu ametutoka, mwanangu."

"Nani kasema?"

"Mama amepiga simu."

"Amesema kwa Kiingereza?"

Baba alinitazama kama mtu asiyenifahamu. "Hapana," akasema. "Kwa Kiswahili."

Nililia kilio ambacho walimu walitoka madarasani kukitazama. Baba alidhani nimeelewa kifo. Mimi nilichoelewa ni kwamba hapakuwa na lugha ya kumkingia dada yangu, kwamba hata tulipoifukuza ile moja, ugonjwa ulihamia kwenye hii tuliyoombea chakula na kuitana majina. Kwa mtoto hilo lilikuwa kubwa kuliko kifo chenyewe, ambacho nilikuwa bado sijakijua.

Kilolo tulikuta fundi anamalizia jeneza nyuma ya nyumba ya bibi. Mbao zilikuwa za msindano, mbichi, utomvu ukitoka kwenye vichwa vya misumari, na harufu ikawa ile ile ya asubuhi zetu. Wanawake waliimba kwa Kihehe. Nilinyanyuliwa nimtazame. Walimvalisha sweta alilolichagua mwenyewe asubuhi ile, akijibu juu ya ukuta. Nilisimama karibu na lile jeneza nikingoja, kwa mazoea tu, mtu anifinye na kuniuliza wamesemaje.

Tukarudi Uyole, sasa watatu. Nililala peke yangu kwenye kitanda cha wawili, upande wangu ule ule, sikuthubutu kwenda wa kwake. Darasani Madam hakuniuliza tena neno la Jumatatu. Nyumbani wazazi hawakusemezana asubuhi lugha yoyote. Nilisikia upepeo, maji yakianza kunong'ona kwenye sufuria, na mabati yakilia kwa baridi. Hivyo kwa majuma.

Asubuhi moja baba alizungumza. Alisema kwa Kiingereza, pole pole: "I can't get over it."

Mama akaacha kupepea. "Sema Kiswahili, Baba Atu," akasema. "Wa kumficha hayupo tena."

Nilimsikia baba akijaribu, akianza neno na kuliacha, mwalimu aliyekuwa na maneno kwa kila kitu. Mwisho akasema, "Sijui Kiswahili chake."

Mimi nililijua neno hilo. Madam alilicheza zamani, kabla ya mambo haya, kwa kutuwekea benchi uwanjani na kutuambia turuke. Mvulana mmoja mnene alijaribu akarudi, akajaribu akarudi, mpaka akakaa upande ule ule akalia. Nilimsubiri kwanza Atu alete neno la mbele. Kisha nikasema yote mwenyewe, nikiwa nimelala chali, nikiyaelekeza juu, kwenye uwazi wa ukuta.

"Mama, anasema hawezi kuvuka. Anasema amekwama upande huu."

Nilidhani nimekosea, nikavuta blanketi. Halafu mlango wa chumba chetu ukafunguliwa, mama akaingia na moshi wake wa msindano kwenye khanga, akaketi kitandani, upande ule ambao mimi sikuthubutu, akaniinua kama mtoto mchanga ilhali nilishakuwa mzito. Akanipeleka jikoni akaniweka kati yake na baba, mbele ya moto.

Baba akaniuliza alikuwa anasemaje, Atu, asubuhi zile tulipokuwa tunawasikiliza. Nikaanza kumwambia. Nilimwambia habari ya kiatu, ya shimo la mguuni, ya sentensi na jinsi alivyokuwa akihema katikati yake, na baba akawa anauliza tena, na tena, nirudie pale pale. Maji ya kuoga yalichemka, yakapungua, yakakauka sufuriani, na hakuna aliyeinuka kuyaepua.